Ungo ukiruka mpaka Gamboshi mnachapa, roketi ikiruka "si mazingira yetu". Wahariri mmetuchosha!

Wakuu salaam. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za "tunga simulizi upate hela". Huu ni wa hasira tupu.

Nimerudishiwa mswada wangu wa riwaya na wachapishaji fulani hapa mjini, jina nalihifadhi. Umekaa kwao mpaka nikahisi umefungiwa maandazi. Ni bunilizi ya kisayansi. Kijana wa Kitanzania ni fundi mitambo kwenye kituo kilichojengwa kwenye sayari ya Mirihi (Mars), mama yake yuko Vwawa. Hakuna mijitu ya kijani wala vita vya miale. Mhariri kaniandikia kwamba lugha ni nzuri, ila anga za juu si mazingira ya Mwafrika, hivyo kijana nimpeleke Uarabuni. Kama siwezi, basi hayo ya Mirihi yawe ndoto, aamke sura ya mwisho.

Aamke! Yaani msomaji anunue kitabu, asome riwaya nzima, halafu aambiwe jamaa alikuwa kalala.

Sasa nendeni mkaangalie vitabu wanavyochapa hao hao. Bibi anatoka Sumbawanga saa nane usiku juu ya ungo, saa nane na dakika tano yuko Gamboshi kwenye kikao cha wachawi, kabeba na mjukuu. Hakuna mhariri aliyeuliza ungo unaendeshwa na nini. Jini anaoa binti wa Tanga, anamjengea kasri chini ya bahari, binti anapumua tu kama yuko Raskazone. Poa! Sina ugomvi na majini, nimekua nayasoma na nikipata sehemu ya pili nitailipia. Ninachouliza ni kwa nini uongo wa ungo uitwe wetu, halafu hesabu za kweli za safari ya Mirihi ziitwe za Wazungu.

Na hilo la "si yetu" ndilo linaniuma zaidi. Mimi mtu wa Songwe. Kule Mbozi kuna kimondo, pande la chuma lililotoka huko huko juu, linakadiriwa tani 16. Tulipelekwa na mwalimu tukiwa shule ya msingi, nikapitisha kidole kwenye ile sehemu waliyoikata kwa msumeno kuchukua sampuli. Kwa nje ni cheusi kama sufuria ya kuni, pale kwenye mkato ni chuma kitupu. Tangu siku ile mtu akiniuliza kwa nini napenda mambo ya anga namshangaa, maana kipande cha anga kimelala kwetu, watoto wanakipanda.

Tuje pwani. Mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka Dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, moja ya vituo vilivyozungumza naye kwa redio akipita juu kilikuwa Unguja. Kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Malindi ya Kenya ndiyo usiseme. Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini kwenye ghuba ya Ngwana kwa sababu pale ni jirani na Ikweta, ambako Dunia inajizungusha kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekezwa mashariki inapata msukumo wa bure. Kuanzia 1967 setilaiti zikawa zinarushwa pale. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei (X-ray) zinazotoka angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Jina la Kiswahili, limezunguka huko juu na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Halafu mtu kakaa na kalamu nyekundu ananiambia huko si kwetu! Wavuvi wa Ngomeni, pale pale karibu na majukwaa, wameona moto wa roketi kabla baba zetu wengi hawajaona televisheni.

Hata kwenye riwaya si jambo geni. Marehemu Katama Mkangi, kwenye riwaya yake ya Walenisi ya mwaka 1995, alishampakia mhusika wake Dzombo kwenye chombo akamfikisha hiyo nchi ya Walenisi. Hamkufa.

Nirudi kwenye "mpeleke Uarabuni", maana hapo ndipo nilipojua kwamba mswada hakuusoma. Kuna sura kijana anamwamkia mama yake kwa redio. Mawimbi ya redio kutoka Mirihi yanachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika huku, kutegemea sayari hizi mbili zimekaaje. Siku hiyo ziko mbali. Anatuma shikamoo, anaenda kufunga nati za pampu, anakula, anarudi, ndipo marahaba inaingia. Mama naye kazoea, akishaitikia anamwagilia mchicha. Pembeni ya ukurasa mhariri kaandika: "Msomaji atachoka. Kwa nini wasipigiane WhatsApp?"

Wakuu, nilicheka kwa hasira.

Kisha zinakuja zile wiki mbaya. Kila baada ya miezi 26 hivi Jua linaingia katikati ya Dunia na Mirihi, na kwa karibu wiki mbili vyombo vilivyoko huko haviwezi kutumiwa amri, kwa sababu Jua linavuruga mawimbi. Mama anaugua ndani ya wiki hizo. Mawasiliano yanaporudi, ujumbe wa kwanza kuingia ni wa mjomba, na unaanza na "jikaze". Safari ya kurudi ni kama miezi saba, na huondoki siku unayotaka, unangoja sayari zijipange. Sasa mpeleke huyo kijana Muscat nione. Msiba ukitokea anachangiwa tiketi, anapanda ndege, kesho yuko Dar, keshokutwa jioni anatupa udongo kaburini. Riwaya imekwisha! Nimechagua utanzu huu kwa sababu ndio pekee unaonipa umbali ambao michango ya ukoo haiwezi kuufupisha. Si mapambo yale, ukiitoa Mirihi hakuna kisa.

Nawajua lakini. Tatizo lao ni soko. Wanataka kitabu kitakachoingia kwenye orodha ya shule, kiwe na dhamira za kumezwa na mtahiniwa: rushwa, ndoa za utotoni, mji na kijiji. Sawa, biashara ni biashara, mpunga unatafutwa. Basi mniambie hivyo, "hatuna pa kukiuza", nitawaelewa na tutaachana kwa amani. Msinifundishe Uafrika.

Na nyie wasomaji msijifiche humu mnacheka. Filamu za anga za Hollywood mnazimaliza vibandani, DJ anatafsiri mpaka milio ya injini. Mhusika akiitwa Mwashambwa badala ya John mnasema "haileti uhalisia". Uhalisia gani? Majirani zetu Kenya setilaiti yao Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023, mlikuwa hapa hapa jukwaani mnaitania ukubwa wake.

Mswada haubadilishwi, na hakuna wa kuamka kutoka ndotoni. Nauanzisha kule jukwaa la hadithi, sura mbili kila Ijumaa, bila malipo mpaka nitakapoona wasomaji wapo. Mwenye kumjua mchapishaji asiyeogopa roketi aje PM. Na yule mhariri, kama yumo humu, na nina hakika yumo, aje aeleze ule ungo unaendeshwa na nini.

Nawasilisha.