Kikundi cha jamaa, Bukavu na Walungu: chawa wa watoto

Mama Neema: Jambo wote. Kule Walungu watoto wanne walipakwa dawa ya chawa, leo ni siku ya 10 na wanajikuna tena. Shangazi anauliza kama awapake petroli, yaani mafuta ya taa.

Mama Ushindi: Hapana! Petroli wala esansi ya gari, wala dawa ya kunyunyizia maharagwe. Petroli inachoma ngozi, na mtoto akisogea kwenye mbabula, jiko la makaa, nywele zinashika moto. Ile ya shambani ni sumu, inapenya ngozini na inaweza kuua.

Papa Amani: Mbona wamerudi upesi hivyo?

Mama Ushindi: Dawa iliua wanaotembea, mayai yakabaki. Yai linaanguliwa kati ya siku ya 7 na ya 10. Ndiyo maana dawa ya chawa ya permetrini ya 1% inarudiwa siku ya 9, kabla wale wadogo hawajakomaa na kutaga. Inakaa kichwani dakika 10, ndipo inaoshwa. Futa nywele kwanza kwa taulo, zikichuruzika maji dawa inapungua nguvu.

Yaya Rose: Na asiye na pesa ya dawa?

Mama Ushindi: Kitana cha meno membamba yaliyobanana, na mafuta ya kupikia meupe. Mawese inapaka kitambaa rangi, hutamwona chawa. Lowesha nywele kwa mafuta, zigawe mafungu madogo, vuta kitana kutoka ngozini hadi nchani, na kila mvuto ukifute kwenye kitambaa cheupe. Chawa mkubwa ni kama punje ya ufuta. Yai limegandia unywele, ukilisukuma kwa kidole haliendi, mba unaanguka. Rudia kila siku 3, wiki 2 nzima. Wengi wanaacha wiki ya kwanza wakiona kimya, na hapo ndipo inaanza upya.

Yaya Rose: Kwa kipilipili kitana kinakatika, dada.

Mama Ushindi: Kweli, yaya. Hapo kunyoa ni rahisi zaidi, kwa sababu mayai mapya yako chini kabisa, karibu na ngozi. Wembe mpya kwa kila mtoto. Lakini msichana asinyolewe kwa nguvu kama adhabu, hajakosa kitu. Chawa anakaa hata kichwa kilichooshwa leo. Anayebaki na suko, fumueni, na meshi, zile nywele za bandia, zitoke.

Papa Amani: Mablanketi tuyachome?

Mama Ushindi: Msichome, papa. Chawa akikosa damu anakufa kwa siku 1 au 2. Fulari za kichwani na foronya zifuliwe kwa maji ya moto. Njia yake kubwa ni vichwa kugusana, hasa watoto wakilala mkeka mmoja.

Mama Neema: Basi wote wanne watibiwe siku moja?

Mama Ushindi: Wanne, na shangazi mwenyewe akaguliwe. Kitana kikae kwenye maji ya moto sana dakika 10 kabla ya kichwa kingine. Mwenye vidonda vya usaha au tezi zilizovimba shingoni aende kituo cha afya kesho asubuhi.

Mama Neema: Namupigia sasa hivi.