Draiva inagandisha mashine nzima, nikiweka printk inapona. Naombeni ushauri

NyuziMbili: Wakuu habari za usiku. Siku ya tano leo sipati usingizi. Natunza draiva (programu inayokiendesha kifaa) ya kadi ya kukusanya data kwenye Linux. Inapiga kazi kwa muda wa saa sita au nane, halafu ghafla mashine inaganda: kipanya kimekufa, ssh haiingii, dawa ni kuzima kwa swichi. Nikichomeka printk (mstari wa kuandika ujumbe kwenye logi) nione kinachoendelea, ugonjwa unatoweka. Nimeitoa, nikaweka mdelay(2), yaani subiri milisekunde 2, mahali pake, na tangu jana haijaganda. Kesho naikabidhi. Swali: milisekunde 2 zinatosha au nipandishe hadi 5?

Ngoja_Waje: Uzi kuhusu nyuzi zilizofungana. Nakaa pembeni, wajuzi wanakuja.

KufuliKubwa: Kijana, mdelay haijatibu kitu, imewachelewesha tu wagomvi wasikutane. Vijana mna haraka. Sisi tulianza enzi za kufuli moja (kizuizi cha kodi mbili kugusa data ileile kwa pamoja) la kerneli nzima, kiini cha Linux, lililoingia na toleo la 2.0 mwaka 1996 na kung'olewa kabisa kwenye 2.6.39 mwaka 2011. Niliwahi kushika spinloki, kufuli ambalo anayelisubiri anazunguka bila kulala, humo ndani nikaita kmalloc (kuomba kumbukumbu) kwa GFP_KERNEL, inayoruhusu kulala. Miezi kadhaa kimya, maana kumbukumbu ilikuwa tele. Siku ilipopungua ikabidi kodi ilale na kufuli mkononi: "scheduling while atomic", skrini nzima. Tangu siku hiyo siamini draiva iliyonyamaza.

Kutu_Kutu: Andika upya kwa lugha ya Rust. Imo ndani ya kerneli tangu toleo la 6.1.

Sijalala: Rust itakuzuia kugusa data bila kufuli, haitakuzuia kujifungia ndani ufunguo ukiwa nje. Tumuulize mgonjwa kwanza. Mkuu, konsoli ya siriali inaandika soft lockup au hard lockup? Na wiki hizi umebadilisha nini?

NyuziMbili: Hard lockup. Sijabadilisha chochote cha maana.

Sijalala: Hicho kisicho cha maana ndicho tunachokitaka. Hard lockup ni kori ya prosesa iliyokaa kama sekunde 10 bila kupokea hata intarapti (ishara ya kifaa inayokatiza kazi) ya saa. Kuna mtu anazungukia kufuli huku intarapti zimezimwa, na wa kwanza kushukiwa ni hendla yako, fanksheni inayojibu intarapti. Bandika mistari inayoshika kufuli, ya hendla na ya nje yake.

NyuziMbili: Sawa dada. Fanksheni ya kutuma amri ilikuwa na spin_lock_irqsave, hendla ina spin_lock tupu. Nikazifanya zifanane, zote spin_lock. Kodi ilikuwa inachanganya macho. Kufuli si kufuli jamani? Majaribio yote yalipita, na irqsave inazima intarapti wakati mimi nahitaji kasi. Halafu sidhani kama ndiyo sababu, kwa kuwa nikiwasha kori moja tu inaganda ndani ya dakika tatu. Kori moja itagombana na nani?

KufuliKubwa: Aliyeandika irqsave hakuwa anapamba.

Mtata: Hii ni chai. Kwenye kerneli ya kori moja spinloki haizunguki, ikishakompailiwa inabaki kuzuia kazi nyingine isipore prosesa, basi. Huwezi kuganda hivyo hata ukitaka. Mleta uzi katunga.

Ngoja_Waje: Uzi bila picha. Nilijua tu, na akaunti yenyewe ya juzi.

Kutu_Kutu: Hata hiyo kadi hajaitaja jina 😂

NyuziMbili: Nitunge ili nipate nini saa nane za usiku? Kerneli ni ileile ya SMP (ya kori nyingi), nimepitisha maxcpus=1 wakati wa kuwasha ili itumie kori moja. Picha ya konsoli hiyo hapo.

Mtata: Ungesema hivyo mapema. SMP yenye kori moja inazunguka kama kawaida. Nafuta chai yangu, ila uandishi wako una mapengo.

Sijalala: Basi jibu umelileta mwenyewe. Unaandika amri kwenye kadi, unashika kufuli. Kadi inajibu kwa intarapti, hendla inaipora kori ileile na kuomba kufuli hilohilo. Mwenye kufuli hawezi kuendelea mpaka hendla imalize, na hendla haimalizi mpaka apewe kufuli. Ukiwa na kori nne, mara nyingi intarapti inaangukia kori nyingine, inasubiri kidogo, inapita. Ndiyo maana ilikuchukua saa nane. Na mdelay umeiweka kati ya amri na kufuli, siyo?

NyuziMbili: Ndiyo. Umejuaje?

Sijalala: Kadi inajibu wakati wewe bado unasubiri, kufuli halijashikwa. Siku ikichelewa kujibu kwa milisekunde 3, unalala tena kwenye swichi. Rudisha irqsave huko nje. Hendla iache ilivyo. Kisha washa CONFIG_PROVE_LOCKING, inayowasha lockdep, mkaguzi wa kufuli wa kerneli, uthibitishe.

NyuziMbili: Nimeiwasha kabla sijarudisha chochote, nijionee. Sikusubiri hata igande. Amri ya kwanza tu, lockdep ikamwaga "inconsistent lock state", na chini kabisa:

lock(&dev->lock);
<Interrupt>
lock(&dev->lock);
*** DEADLOCK ***

Nimerudisha irqsave. Kimya. Kori moja, dakika arobaini sasa.

KufuliKubwa: Na kasi uliyoililia?

NyuziMbili: Sijaona tofauti.

Sijalala: Na mdelay umeitoa?

NyuziMbili: Bado ipo. Nitaitoa asubuhi.