GBA yenye kioo kipya inajizima nikipandisha mwanga

mbuyuni_g:
Wakuu, habari za leo. Nina Game Boy Advance (GBA), mashine ya gemu ya mkononi, ya kwanza, ile ya 2001 (siyo toleo la SP), imewekwa kioo cha IPS, yaani kipya chenye taa yake, na kava jipya. Soketi ya kioo kwenye bodi ni ya pini 40. Mwanga ukiwa mdogo inacheza freshi. Nikiupandisha hadi mwisho, taa inageuka nyekundu, inajizima na kuwaka upya, na betri ni mpya za dukani. Halafu kuna mistari ya wima inayokuja na kupotea nikiminya kava. Niipeleke Kariakoo kwa fundi simu au nimalize mwenyewe?

fundi_kijiti:
Mkuu, hayo ni matatizo mawili tofauti.

Mistari ni flekisi (ule utepe mwembamba unaounganisha kioo na bodi) haijakaa. Skrubu za nje ni sita za bisibisi ya Y, na moja ya nyota ndani ya nyumba ya betri. Bodi yenyewe imeshikwa na tatu za nyota. Soketi ina vibano viwili pembeni: visukume nje kwa kijiti cha meno, kidogo kidogo, vyote viwili kwa pamoja. Ukisukuma kimoja tu kinakatika, na hapo ndipo utakapomhitaji fundi kweli. Ingiza flekisi hadi igote, ukingo wake uwe sambamba na soketi, ubane, kisha washa kabla hujafunga kava. Mistari ikirudi baada ya kufunga, kava linaminya kioo. Kava la asili lazima likatwe kingo za ndani. Yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya IPS huja yameshachongwa. Bandika pia tepu ya njano ya joto kati ya mgongo wa kioo na bodi, pasiguse chuma kwa chuma.

Kujizima ni umeme haufiki. Kioo cha zamani hakikuwa na taa kabisa, kilitegemea mwanga wa nje. Hiki kipya kinavuta mkondo mkubwa zaidi, kwa hiyo swichi chafu inakula volti. Puliza mafuta ya spreyi kwenye swichi, itaachia.

ilala_bodi:
Mafuta hapana, mkuu. Yanabaki ndani na kukusanya vumbi. Tumia spiriti ya isopropili ya 99%: toa betri, dondoshea matone mawili kwenye swichi, isukume mbele na nyuma mara 30, acha ikauke, rudia. Ile ya 70% ina maji mengi. Sugua pia springi za betri, hasa kama mashine imekaa karibu na bahari. Ule unga wa kijani unazuia umeme vilevile.

Hizo betri "mpya za dukani" ni za aina gani? Zipime mkononi. Zikiwa nyepesi kama zile za redio ni za zinki na kaboni, na volti yake inaporomoka ukivuta mkondo mkubwa. Weka alkalini. Za kuchaji za NiMH zinafaa, ila ni volti 1.2 kila moja, hivyo taa nyekundu itawaka mapema hata zikiwa zimejaa.

mbuyuni_g:
Ni nyepesi kweli, asante. Na waya tatu zilizokuja na kioo, hazijaunganishwa popote?

ilala_bodi:
Hizo ni za kurekebisha mwanga kwa vitufe. Kwenye bodi tafuta vituo vidogo vya chuma vilivyoandikwa TP2 (kitufe cha Select), TP8 (R) na TP9 (L), ulehemu kila waya mahali pake kufuata karatasi ya kioo chako. Kazi hii fundi simu anaiweza, ila mwambie atumie kalamu ya kulehemu, siyo hewa ya moto, maana soketi ya flekisi ni plastiki. Kabla hujampelekea, pima kwa mita mwanga ukiwa juu: volti za kwenye springi za betri, kisha za baada ya swichi. Zikipishana sana, rudi kwenye spiriti.

fundi_kijiti:
Nimekubali kuhusu mafuta. Na ondoa nailoni ya kioo mwisho kabisa, feni ikiwa imezimwa. Punje moja ya vumbi ikiingia utafungua skrubu zote upya.