Mjadala: Projekti za kompyuta darasani zinamjenga mtoto kufikiri, au zinamfundisha kubofya tu?

MwalimuBaiolojia: Wakuu habari zenu. Siku hizi projekti ya teknolojia ni lazima kwenye shule nyingi, ukiuliza kwa nini unaambiwa inajenga fikra za juu na ubunifu. Ngazi za Bloom, zile zinazopanga aina za kufikiri kuanzia kukumbuka tu hadi juu, tunazijua, zile za 1956 juu kabisa ilikuwa kutathmini, zilipopangwa upya 2001 kubuni ndiyo ikawekwa kileleni. Sasa mtoto akileta slaidi za moyo wa binadamu alizokopi na kupesti mwanzo mwisho, rangi nzuri, mishale inaruka, hapo kabuni nini? Mimi naona bado yuko ngazi ya kwanza. Sipingi teknolojia, nataka tuambizane ukweli. Na ukweli mwingine ni kwamba walimu wengi projekti wanazotoa wao wenyewe hawaziwezi.

HesabuTu: Umeanza vizuri ukaja kuharibu mwishoni. Hawaziwezi walimu wepi? Mimi Scratch, ile programu ya watoto ya kutengeneza gemu kwa kuunganisha bloku za maagizo, nimejifunza mwenyewe usiku baada ya kusahihisha madaftari, hakuna aliyenipa semina wala muda. Leteni mafunzo kwanza ndo mje mtuseme. Nimechoka, kila kitu kikienda kombo ni mwalimu, mwalimu, mwalimu.

MwalimuBaiolojia: Mwalimu mwenzangu nimesema wengi, sijasema wote.

HesabuTu: Hao wengi umewahesabu lini?

MamaMapacha: Nyie mnagombana kuhusu walimu na wanaofanya hizo kazi ni wazazi! Inatolewa Ijumaa inatakiwa Jumatatu, mtoto hajui hata aanzie wapi. Mimi nilikataa kumfanyia mwanangu, akahangaika mwenyewe, akaambulia maksi ndogo kuliko wenzake ambao kazi zao ukiziangalia unaona kabisa huu mkono wa mtu mzima. Na hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa hii umeifanyaje. Iliniuma sana.

FundiProgramu: Pole sana mama. Lakini hapo tatizo si projekti, ni kutoulizwa. Niwape mfano mmoja. Mtoto anatengeneza gemu kwenye Scratch, paka anakamata samaki. Raundi ya kwanza anapata pointi 7, akibonyeza bendera ya kijani aanze upya pointi zinaanzia palepale 7. Anadhani kompyuta imeharibika. Ukimwambia jibu umemmalizia kazi, ukinyamaza anaanza kubahatisha, anafuta, anarudisha, anasoma bloku moja moja, mpaka anagundua hakuna mahali alipoiambia pointi zirudi sifuri. Hiyo nusu saa ndiyo fikra za juu zenyewe, gemu hata isipopendeza. Papert, mtaalamu wa kompyuta na elimu, alilisema hili zamani, yeye na wenzake walileta Logo, lugha ya kompyuta ya watoto, 1967 ili mtoto ndiye aielekeze kompyuta, sio kompyuta imwelekeze mtoto.

MzeeWaChaki: Vijana mnapenda vifaa sana. Sweden waliingiza tableti hadi kwa watoto wadogo kabisa, 2023 serikali yao ikaanza kutoa hela za kurudisha vitabu madarasani. Na kule Peru laptopu ziligawiwa laki nane na zaidi, watoto walifaulu? Hola.

FundiProgramu: Mzee wangu, ya Peru umeikata katikati. Tathmini ya 2012 ya benki ya maendeleo ya nchi za Amerika ilionyesha kweli hesabu na lugha hazikupanda, ila kwenye vipimo vya kufikiri kulikuwa na nafuu kidogo. Halafu pale waligawa mashine, sio projekti. Mtoto ukimpa laptopu bila swali la kutatua atachezea tu.

MzeeWaChaki: Nafuu kidogo kwa hela zote zile? Mngewapa maabara.

MwalimuBaiolojia: Maabara na kompyuta si maadui mzee. Wanafunzi wangu walichomeka kihisi cha unyevu kwenye micro:bit, kile kikompyuta kidogo cha kujifunzia, wakamwagia mmea maji, namba kwenye skrini ikashuka badala ya kupanda. Mmoja akasema kimeharibika, mwingine akasema subiri, tukipime kwenye udongo mkavu na kwenye glasi ya maji kwanza. Wakakuta kihisi chao kinasoma kinyume, kikavu namba kubwa, maji namba ndogo. Hilo jaribio hakuna aliyewaagiza.

MamaMapacha: Sasa hiyo nzuri. Lakini tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 si watoto wanaiuliza tu inawajibu? Huko nyumbani nitamzuiaje?

HesabuTu: Humzuii mama. Ndo maana mimi nataka ifanyike darasani mbele yangu, na kila mtoto anieleze kwa mdomo alikwama wapi. Aliyeandikiwa na akili mnemba ukimwomba abadilishe kitu kimoja tu pale pale, utamjua. Lakini hilo linataka muda, na muda hamtupi, mnatupa lawama.

MzeeWaChaki: Hapo kwa mdomo nakuunga mkono. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya ubaoni.

HesabuTu: Asante mzee. Sasa MwalimuBaiolojia, uliyesema hatuwezi, nijibu. Mwanafunzi kifaa chake kimegoma siku ya kuwasilisha, lakini anaeleza vizuri kwa nini kimegoma na alijaribu nini. Unampa ngapi?

MwalimuBaiolojia: Nampa zaidi ya yule wa slaidi za moyo. Bila kusita.

MamaMapacha: Basi mliandike siku ya kutoa kazi, watoto wajue na sisi tujue!

HesabuTu: Tuwekee hapa huo mgawanyo wa maksi unaotumia, maelezo ngapi, kazi yenyewe ngapi. Maana mkaguzi akija anataka kuona kitu kilichokamilika, na wa kujibu ni mimi.