Mada: Porsche 944 Turbo ya 1988, niinunue au niikimbie?

Kutoka: Kijana wa Mannheim

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Najua humu sisi tulio Ujerumani tunaongea zaidi habari za viza, kodi na michango ya misiba, mnisamehe. Nimeona Porsche 944 Turbo ya 1988, nyekundu, kilomita 168,000. Mwenyewe ni mzee, anasema gari limelala gerejini miaka minne kwa sababu mgongo haumruhusu tena kuingia na kutoka. Bei yake iko chini kuliko nyingine zote nilizoziona. Ninayo Golf ya kwendea kazini, kwa hiyo hili litakuwa la wikendi tu. Kodi na bima zikoje? Na siku nikirudi Mombasa naweza kulipeleka? Mke wangu hajajua bado.

Kutoka: Mzee wa Heilbronn

Marahaba mwanangu. Mwambie mkeo kwanza. Kufichika halifichiki, kuna maboksi ya spea yatakayokuja mlangoni.

Mimi ninalo la 1986, huu mwaka wa kumi na moja. Nimekulia Voi, na kila Pasaka tulisimama kwenye vumbi kungoja magari ya Safari Rally. Zile Toyota Celica zenye tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) zilizochukua ushindi 1984, 1985 na 1986 ulikuwa unazisikia mluzi kabla hujaziona. Ugonjwa wangu ulianzia hapo. Nilipofika huku nikakuta kwamba 944 ziliunganishwa Neckarsulm, kwenye kiwanda cha Audi, mwendo wa baiskeli tu kutoka kwangu. Ningefanyaje?

Sasa hilo lako. Umesema limelala miaka minne, nami hapo ndipo ninapopatilia shaka. Injini hii, mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu zifuate mwendo wa pistoni, ukikatika, pistoni zinagonga valvu na valvu zinapinda. Hakuna kusukuma gari pembeni ukamwita fundi wa bei poa, hapo unafungua silinda hedi. Na mkanda hauzeeki kwa kilomita peke yake, unazeeka hata gari likiwa limesimama. Mimi naubadilisha kila miaka minne hata kama sijatembea, pamoja na ule mwingine wa shafti za kupunguza mtetemo, roli zake na pampu ya maji. Ukishafungwa mpya, baada ya kilomita elfu mbili hivi lazima ukaguliwe ukazo wake kwa kifaa chake maalum. Fundi akikwambia anaupima kwa kidole, mshukuru, uondoke.

Kwa hiyo kabla hujaangalia rangi, omba faili la risiti. Kama risiti ya mkanda haipo au ni ya zamani, usikubali liwashwe mbele yako ati usikie mlio. Lifungwe mkanda mpya kwanza, au likokotwe hivyo hivyo na bei ishuke.

La pili ni klachi. Giaboksi ya 944 iko nyuma, imeunganishwa na injini kwa bomba refu lenye shafti ndani. Kubadilisha klachi ni kushusha ekzosi, giaboksi na hilo bomba. Sahani ya klachi ni kitu kidogo, kinachokuumiza ni saa za fundi. Ile ya asili ina mpira katikati, na mpira ukishachakaa unasikia kishindo kila unapoachia. Sikiliza hapo.

Kutu si tatizo kubwa kama kwenye magari mengine ya umri huo, bodi ilipakwa zinki. Lakini inama uangalie chini ya milango, karibu na magurudumu ya nyuma.

Kuendesha: lita 2.5, silinda nne, nguvu farasi 220 (Turbo S ya 1988 ina 250, na bei yake si hiyo uliyoambiwa). Chini ya mizunguko 3,000 utajiuliza pesa zako zimekwenda wapi. Unakanyaga, unasubiri, unasubiri, halafu nguvu inakuja yote kwa mkupuo. Kwenye lami kavu ni raha tupu. Mimi Oktoba moja, mvua inanyesha, nilikanyaga katikati ya kona ya kutokea Autobahn, barabara kuu ya kasi, na nguvu ikanifikia wakati usukani bado umekunjwa. Nilizunguka mzunguko mmoja na nusu nikasimama nikiwa naangalia nilikotoka. Hakuna ESP, ule mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ya kukuokoa humo. Matairi yalikuwa na meno mazuri kabisa, ila yalikuwa na miaka tisa. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yako, kama gari lililala, usiyaamini.

Na ukishapiga mwendo, usizime ghafla. Tembea polepole dakika mbili tatu za mwisho ili tabo ipoe. Ukizima utasikia kitu kinavuma chini ya boneti: ni pampu ndogo ya umeme inayopitisha maji kwenye tabo. Jirani yangu aligonga mlango mara tatu kuniambia nimesahau kuzima gari.

Kutoka: Mama wa Hamburg

Mzee shikamoo, umemaliza yote ya ufundi. Mimi nafanya kazi ya bima, niongeze ya karatasi.

Mdogo wangu, gari likitimiza miaka 30 na likiwa katika hali yake ya asili, mkaguzi akilipitisha unapata namba ya H, yaani namba ya magari ya kale. Kodi inakuwa yuro 191.73 kwa mwaka, basi. Injini kama hiyo isiyo na katalaiza, kile kifaa cha kusafisha moshi, ingelipiwa zaidi ya mara tatu ya hapo bila H. Pia unaingia kwenye maeneo ya mjini yanayodai stika ya mazingira bila kubandika kitu. Ila TÜV, ukaguzi wa usalama wa gari, iko pale pale, kila miaka miwili.

Bima ya magari ya kale huwa nafuu, lakini utaulizwa: una gari jingine la kila siku? Linalala ndani? Kilomita ngapi kwa mwaka? Usidanganye kwenye kilomita. Na upate ripoti ya thamani kutoka kwa mtaalamu kabla ya ajali, baada ya ajali hakuna wa kukusikiliza. Ukichukua namba ya msimu, tuseme Aprili hadi Oktoba, miezi mingine huruhusiwi hata kuliegesha barabarani.

Kutoka: Jirani wa Köln

Mombasa sahau. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka minane, na usukani wako uko kushoto. Ukitaka tabo nyumbani utanunua Subaru kama watu wote.

Kutoka: Kijana wa Mannheim

Asanteni sana. Faili lipo, nene kweli. Risiti ya mwisho ya mkanda ni ya 2009. Nilipomwonyesha mwenye gari, mzee wa watu alinyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe kwamba litakokotwa, bei tutazungumza.

Mke wangu nimemwambia. Ameuliza swali moja tu: gereji ya kulilaza tunayo? Hatuna. Jumamosi saa nne asubuhi tunakwenda wote kuliona. Amesema tochi ya kumulika chini ya milango ataishika yeye.