Brahma Light wa viwango: kurudia damu, kuzungusha majogoo au kuleta jogoo mpya?

MfugajiUsaRiver (Arusha)
Heshima kwenu wakuu. Nina Brahma Light, wale kuku wakubwa weupe wenye shingo nyeusi, jogoo 1 na mitetea 4. Sifugi wa kuuzia picha WhatsApp, nataka kuku ambaye jaji wa maonyesho akimshika, akampapasa kifua na kumkunjua bawa, asikute aibu.

Hali ilivyo: jogoo ana kilo 4.6 na umri wa miezi 14. Kichwa kizuri, upanga mfupi wa mistari mitatu, vidole vya kati vina manyoya vizuri. Ila weusi wa shingo umefifia kama masizi yaliyomwagiwa maji. Mitetea miwili ina shingo nyeusi ya kukolea, kila unyoya umezungukwa na uzi mweupe, lakini vidole vya kati viko uchi. Miwili mingine ni ya kawaida tu.

Njia ninazoziona:
1. Kumrudisha jogoo kwa binti zake, na kijana wake kwa mama.
2. Mabanda matatu, majogoo wahame kila mwaka, mitetea ibaki.
3. Kununua jogoo. Kuna jamaa ana Buff, yaani Brahma wa rangi ya dhahabu, wa kilo 5 na ushei, mnyama kweli kweli.

Mabanda ninayo mawili, la tatu naweza kujenga. Nishaurini.

JogooLaShamba (Dodoma)
Chukua Buff mkuu, usiulize mara mbili. Umbo ni kazi kupata, rangi utairekebisha mbele ya safari.

MamaVifaranga (Thika)
Kaka wa Usa River, tafadhali usimfuate huyo. Hiyo safari nimeisafiri. Nilimweka Buff kwa mitetea yangu ya Light nikitafuta ukubwa. Vifaranga wa kike wote walitoka Buff, hakuna hata mmoja mweupe. Weupe walikuwa majogoo peke yao, na weupe wenyewe ulikuwa wa samli: mgongoni na mabegani unjano mtupu.

Sababu ni kwamba jeni ya fedha, inayompa Light weupe wake, na ya dhahabu ya Buff hukaa kwenye kromosomu ya jinsia. Kwa kuku, mama humpa mwanawe wa kiume kromosomu hiyo, binti huipata kwa baba. Baba akiwa Buff, binti zake wote wanarithi dhahabu, na mama hana namna ya kuwaokoa. Vijana wa kiume wanabeba zote mbili, ndiyo maana wanatoka na unjano. Nilikula miaka mitatu kurudi pale nilipoanzia.

Halafu msichanganye na unjano wa jua. Kuku mweupe akishinda juani huungua manyoya ya juu. Inua bawa uangalie yaliyofunikwa: yakiwa meupe safi, huo ni wa jua, utaondoka akinyonyoka manyoya na kuota mapya. Wa damu hauondoki.

JogooLaShamba
Dada, kilo 5 ni kilo 5 😂

MamaVifaranga
Kwa supu, ndiyo.

MzeeWaLeicester (Uingereza)
Nimefuga Light huku kwa muda sasa, na nimewahi kupeleka Telford, kwenye maonyesho ya kitaifa ya Novemba. Mimi ni wa njia ya kwanza, lakini niieleze vizuri, maana watu huisikia nusu.

Anayetajwa sana kwa njia hiyo ni I. K. Felch wa Massachusetts, mfugaji wa hawa hawa Light Brahma, karne ya 19. Ramani yake inaanza na jozi moja. Binti ana nusu ya damu ya baba. Mrudishe kwa baba, vifaranga wana robo tatu. Upande wa pili unafanya vivyo hivyo kwa mama na kijana wake. Unapata mistari miwili, mmoja umeelemea kwa baba, mwingine kwa mama, na baadaye unaikutanisha bila kutoka nje ya ukoo.

Faida yake ni kwamba kilichojificha kinatoka hadharani. Hasara ni hiyo hiyo. Kifaranga wa baba na binti ana udugu wa damu wa asilimia 25. Mimi mwaka wa tatu niliiona kwenye mashine ya kutotolea: mayai yanapimwa kwa tochi siku ya 7 yako sawa, siku ya 21 unavunja unakuta kifaranga kamili amefia ndani. Kwa hiyo ukitotoa vifaranga 10 usijaribu. Totoa 50 au 60, ubakize watano, wengine wakawe kitoweo.

Kuhusu uzito: kwa kitabu cha viwango cha Wamarekani, Brahma Light jogoo mzima ni ratili 12, yaani kama kilo 5.4, na jike mzima ni ratili 9 na nusu, kama kilo 4.3. Jogoo wako wa kilo 4.6 bado mdogo kiumri, Brahma hukua taratibu. Usimhukumu kabla ya mwaka wake wa pili.

NahodhaTanga
Nami naipenda njia ya pili, nimeitumia kwa kuku wangu wa kienyeji na wana afya njema. Lakini kwako naona haifai bado. Jogoo unaye mmoja. Ukijenga mabanda matatu, kila jogoo utakayemhamisha ni mtoto wa baba yule yule. Utakuwa unazungusha damu moja kwenye nyumba tatu na kujiona una koo tatu. Njia hiyo inataka uanze na majogoo watatu wasiohusiana. Na kazi yake ni kulinda uzazi, haisahihishi shingo iliyofifia.

Swali kwa wazee: manyoya ya chini kabisa, yale yanayogusa ngozi, ya jogoo huyu yana rangi gani?

MzeeWaLeicester
Umenipokonya mdomoni, Nahodha. Light mwenye weusi mzuri wa shingo mara nyingi chini ana rangi ya majivu. Akiwa mweupe hadi kwenye ngozi, weusi unamtoka pole pole kizazi hadi kizazi. Majivu yakizidi nayo yanapanda juu, unapata madoa mgongoni. Mkono wa mfugaji uko hapo katikati.

MfugajiUsaRiver
Nimetoka bandani sasa hivi, mke wangu kashika tochi, mimi nimefunua manyoya mmoja mmoja. Jogoo: mweupe kama pamba hadi kwenye ngozi. Mitetea miwili yenye shingo nzuri: majivu. Kumbe jibu lilikuwa mgongoni mwao muda wote.

MamaVifaranga
Basi kazi imejipanga yenyewe. Jogoo na hao wawili tu. Yeye ana vidole, wao wana majivu, hakuna kosa linalokutana na kosa lenziwe. Wale wawili wa kawaida wasitoe yai hata moja la mashine. Msimu unaofuata umtafute kijana mwenye majivu na vidole vyenye manyoya, huyo umrudishe kwa mama yake.

Ukija kuhitaji damu ya nje, nunua *mtetea* wa Light, usinunue jogoo. Mtetea akija na ubaya utauona kwa vifaranga wake peke yao. Jogoo atakuchafulia banda zima kwa msimu mmoja. Upanga pia: ukileta kuku mwenye damu ya upanga mmoja wa kusimama, kizazi cha kwanza unaona wa mistari mitatu uliokaa ovyo kidogo, unasamehe. Cha pili, ukikutanisha wenye kasoro hiyo wao kwa wao, robo wanatoka na upanga wa kusimama.

MfugajiUsaRiver
Nimekuelewa dada. Buff nimemwachia JogooLaShamba. Sasa vifaranga wa mitetea miwili tofauti nitawatambuaje? Pete zinawapwaya wakiwa wadogo.

NahodhaTanga
Toboa utando kati ya vidole. Kila mguu una nafasi mbili, kwa hiyo miguu miwili inakupa alama 16 tofauti ukihesabu na asiyetobolewa. Andika kwenye daftari, usiamini kichwa chako. Na mayai ya kila mtetea yatenge siku ya 18, ya kila mmoja kwenye kikapu chake ndani ya mashine, wasichanganyikane wakianguliwa.

MzeeWaLeicester
Toboa siku ile ile ya kwanza, na hakikisha kile kipande cha ngozi kimetoka chote. Kikibaki kinaning'inia, tundu linaziba, na mwezi wa tatu unabaki unawatazama hujui nani ni wa nani.