Skana na msimbo vinakataa baada ya kuweka mfumo wa kuingia mara moja

Swali:
Habari zenu, wakuu. Nimeunganisha barua pepe ya kampuni na mfumo wa kuingia mara moja (unaingia sehemu moja, kisha huduma zote zinakutambua) kwa SAML 2.0, yaani kanuni ya kupashana taarifa za uthibitisho kati ya mifumo, na uthibitishaji wa hatua mbili unafanya kazi vizuri kwenye kivinjari. Hata hivyo, skana imeacha kutuma nyaraka, na mfanyakazi mmoja anaambiwa kila mara kuwa msimbo wake wa tarakimu 6 si sahihi. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza:
Hujakosea, ndugu. Skana hutuma barua kwa nenosiri peke yake, wala haiwezi kufungua ukurasa wa kuingilia. Ifungulie akaunti ya kutuma tu, inayokubali anwani ya IP (namba ya mtandao) ya ofisi pekee, badala ya kulegeza masharti kwa watu wote. Kagua pia IMAP na POP, njia ambazo programu za barua hutumia kusoma barua pepe, kwani zikiachwa zipokee nenosiri peke yake, mwizi atapita bila kuulizwa msimbo.

Jibu la pili:
Kuhusu mfanyakazi huyo, tazama saa ya simu yake. Programu ya misimbo iliyo kwenye simu hukokotoa msimbo kutokana na siri iliyohifadhiwa pamoja na wakati, kwa kawaida kila sekunde 30, hivyo simu iliyochelewa hutoa tarakimu ambazo seva haizitambui.

Muulizaji:
Kweli, ilikuwa nyuma kwa dakika 4. Nimewasha urekebishaji wa kiotomatiki, naye ameingia.

Jibu la kwanza:
Vyema. Bakiza akaunti moja ya msimamizi isiyopitia mfumo wa kuingia mara moja, ikilindwa kwa ufunguo wa USB (kifaa kidogo cha kuthibitisha anayeingia) uliofungiwa kabatini, maana mfumo ukizimika hata wewe utabaki nje.